Pumzi za Namba Saba

Mkonge, timu yetu ya Tanga, inaongoza ligi kwa pointi mbili, na zimebaki mechi sita. Redioni wachambuzi wanabishana kama itafika. Mimi jibu nalitafuta kwa mume wangu, Hemedi, nikimsikiliza anavyohema.

Siku hizi shabiki anaruhusiwa kumwazima mchezaji pumzi zake. Unavaa bangili mpira unapoanza, na kipenga cha mwisho kikilia zinakurudia, ila si zote. Hemedi anampa namba saba. Msimu uliopita tulinusurika kushuka daraja. Sasa kijana huyo anakimbia dakika tisini kama ndiyo kwanza ameingia. Hemedi naye hawezi tena kupuliza jiko la mkaa. Napuliza mimi.

Jana, dakika ya themanini, matokeo yalikuwa moja moja na midomo yake imeshapauka.

"Vua, Baba Mwanaidi."

"Sare haitutoshi, mke wangu."

Refa akaongeza dakika tisa. Nikaishika bangili niivue, na Hemedi hakuwa na nguvu ya kunizuia. Hapo kwenye runinga namba saba akautoa mpira katikati ya uwanja, akampita beki wa kwanza, akampita wa pili.

Mkono wangu ukabaki palepale.

Bao! Nikaruka, nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka. Ndipo nikakumbuka kumwangalia Hemedi.

Leo asubuhi amenisogezea kikombe nimpulizie chai ipoe. Nimempulizia. Kisha nikaipangusa bangili, nikaiweka kwenye chaji.