Aliyebebwa Kuvuka Mto

“Afande, mimi ndiye yule uliyenibeba.”

Mzee alisema hivyo mlangoni, kofia kaikumbatia kifuani, ngazi zimemmaliza pumzi. Dereva alimtazama kuanzia upara hadi viatu. Siku hizi alikuwa bibi mwembamba kama ufagio, lakini mtaani walimwita kwa jina lake lilelile la vitani: Dereva.

“Basi umenenepa,” akamwambia. “Pita.”

Wiki iliyopita alikuwa amevishwa nishani. Wakubwa walichelewa sana kukumbuka kwamba kulikuwa na wanawake wa kwanza walioendesha magari ya wagonjwa hadi mstari wa mbele. Walipokumbuka, wenzake wote walikwisha tangulia, kabaki yeye kama jino la mwisho kinywani. Msemaji alisoma jinsi gari lilivyokwama kwenye daraja lililobomolewa, na jinsi alivyomtia mgongoni askari majeruhi akavuka naye mto huku risasi zikinyesha. Hotuba ikaishia ng’ambo ya mto. Makofi yakalia, redio ikatangaza, kisha mpwa wake akamrudisha nyumbani, akamfungulia mlango, akaenda zake. Tangu hapo hakuna aliyebisha hodi ila msoma mita.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Dereva akaondoa nguo kwenye kiti cha pili, akabandika chai. Kikombe cha pili ilibidi akisuuze kwanza. Kilikuwa na vumbi hadi ndani.

“Hivi uliumia mguu gani?” akauliza akimimina. “Uzee huu, nasahau.”

Mgeni akaitazama miguu yake yote miwili kama mtu anayechagua viatu dukani.

“Wa kushoto.”

“Wa kushoto, ndiyo. Na ulilia.”

“Nililia kama mtoto, afande.”

“Ukaniita mama.”

“Nilikuita mama.” Machozi yakamlengalenga, ya kweli kabisa.

Wakanywa. Mzee akamwambia kwamba mkewe alifariki, watoto wako mbali, na nyumbani siku nzima anabishana na redio. “Nayo haishindwi,” akasema, wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Ndipo Dereva akaanza kusimulia mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Wanaume kambini waliokuwa wakiwakejeli, “Akina dada, usukani mnaujua uko upande gani?” Maji ya mto yaliyokuwa baridi kama kisu. Buti moja iliyobaki matopeni.

“Wameniita jasiri,” akasema. “Ujasiri gani? Kama wangekuwa na mtu mwingine wa kumtuma, ningekimbia. Niliogopa kuvuka peke yangu, ndiyo maana nikakushika.”

Mgeni akainamisha kichwa. “Hukuwa peke yako.”

Dereva alijipangusa macho kwa ncha ya kanga, akamwongezea sukari bila kuulizwa.

Jua lilipoanza kushuka, mzee akasimama, akaizungusha kofia mikononi.

“Afande, kuna jambo lazima nikwambie. Sikulala kwa ajili yake.”

“Limekaa siku zote hizo, litakaa tena. Alhamisi una kazi?”

“Kazi? Mimi?”

“Basi njoo. Shika ukuta ngazini, taa imeungua.”

Alibaki mlangoni akizisikiliza hatua zake mpaka zikaisha. Simu ikaita. Alikuwa mpwa wake.

“Shangazi! Jirani yako ananiambia umejifungia na mwanamume kutwa nzima!”

“Jirani ana wivu. Anasema ndiye yule niliyembeba mtoni.”

“Ala! Yu hai? Shangazi, habari kubwa hiyo! Niwapigie watu wa redio?”

“Usimpigie mtu,” Dereva akasema. “Yule alikata roho mgongoni kwangu tukiwa bado majini, na kaburi nilimchimbia mwenyewe. Huyu anakuja tena Alhamisi.”