Kitumbua cha Kuonja

Tangu kile kifaa cha kodi ambacho watu hukiita Sikio kilipobandikwa kwenye ukuta wa kila jiko la biashara, Nasra muuza vitumbua hakujaza tena ritani yake ya kodi. Sikio lilisikiliza, likaamua lenyewe lipi pato na lipi gharama.

Asubuhi hiyo aliepua vitumbua vya kwanza, akampa binti yake Salha kimoja aonje, kama yeye alivyoonjeshwa na mama yake.

"Kitumbua kimeliwa na familia," likasema Sikio. "Naandika pato."

"Pato lipi? Nimemlisha mwanangu!"

"Bidhaa ya biashara imetumika nyumbani, mama. Angeonja mfanyakazi, ningeandika gharama."

"Mfanyakazi! Huyu ana miaka saba, we kopo lisilo na haya!"

Nasra akainua upawa. Akakumbuka kwamba anayevunja Sikio hufungiwa jiko, akaubamiza kwenye beseni la unga uliokorogwa mpaka rojo likamrukia usoni.

Salha alikuwa hajameza bado.

"Basi mimi ni mfanyakazi," akasema haraka. "Mama usigombe."

"Salha, nyamaza!"

"Imepokelewa," likasema Sikio kwa upole. "Gharama imeandikwa. Salha, nimekufungulia ritani yako ya kwanza."

Nasra alijifuta rojo usoni. Akachagua kitumbua kikubwa kuliko vyote, akamnyooshea mtoto. "Kula, mwanangu. Hiki nakupa mimi."

Salha hakukipokea. Aliutazama ukuta kwanza.

"Hiki ninakula kama nani, mama?"

Sikio nalo likangoja jibu.