Tone la Kumi na Tatu

Cha saba kilikuwa na mkwaruzo mdogo kwa chini, na ni Injinia peke yake aliyeujua.

Vipande kumi na viwili vya plastiki vilikuwa vimepangwa kwenye trei, vyeupe, vidogo kama magego. Kila kimoja kingeweza kukaa mgongoni mwa mtu, katikati ya pingili mbili, kikisubiri mfupa ukishike. Kumi na kimoja vilikuwa vimetoka kwenye mashine asubuhi hiyo. Cha saba hakikuingia kabisa. Huo ndio ulikuwa mtego, na ulikuwa mtamu mpaka Injinia akasahau chai yake ikapoa.

Wa kunaswa alikuwa Mama Tone.

Jina alipewa na wafanyakazi. Miaka tisa kazi yake ilikuwa kudondosha maji. Plastiki mbichi haipendi maji. Tone likitua juu yake linajikunja duara, kama linaogopa kuguswa. Na uso unaokataa maji, mfupa nao hauushiki. Lakini plastiki ikiogeshwa mle mashineni na ile gesi inayowashwa kwa umeme mpaka ikang'aa zambarau, uso wake unabadilika. Tone linalala chali, linaenea. Mama Tone anaangalia, anasema "pita" au "rudi". Basi. Kwa hilo tu mtu anavalishwa koti jeupe.

Injinia alilifuta hilo tone miezi mitano nyuma, siku ileile alipoleta utaratibu wake mpya: kila kipande kifungwe kwenye nailoni nyepesi kama ganda la kitunguu kabla ya kuingia mashineni, kisije kikashikwa na vidole vya watu wasiojua kunawa. Mkurugenzi alimpigia makofi. Mama Tone akahamishiwa kwenye maboksi, na tangu hapo mdomo wake ukawa cherehani.

"Mwanangu, kuwaka si kupona," alimwambia kila wakipishana kwenye korido. "Rudisha tone."

Mwanangu. Mtu ambaye cheti chake pekee ni cha kuzaliwa. Kumweleza mambo ya gesi na umeme ni kumpigia mbuzi gitaa, na Injinia hakuwa na gitaa la kupoteza.

Sasa bibi huyu alikuwa amefika mpaka kwa Mkurugenzi, na Mkurugenzi, mwanamke asiyependa kelele, akakata shauri. Apewe trei. Akikitambua kipande ambacho hakikuingia mashineni, tone linarudi. Asipokitambua, akusanye vyake aende nyumbani.

"Usiwe na haraka, bibi," Injinia alisema kutoka kwenye kiti chake chenye mito miwili, Mkurugenzi akiwa kando yake. "Maji yapo mengi."

Hakuinuka. Tangu madaktari wamwekee kipande chake kiunoni, miezi mitatu iliyopita, kuinama ilikuwa shughuli. Kipande kilitoka humuhumu kiwandani. Alipiga nacho picha kabla hakijamwingia, na picha yenyewe ilikuwa ukutani, juu ya vyeti vyake vitatu. Wiki hizi mbili palikuwa pakimuuma, lakini sababu aliijua: viti vya ofisi.

Mama Tone akaanza. Injinia hakuwa na haja ya kutazama maji. Alitazama uso wa mama. Ulikuwa ukinywea kwa kila tone, na cha saba ukakipita kama umepita mlango wa jirani. Injinia akauma shavu kwa ndani asicheke.

Baada ya cha kumi na mbili mama akanyoosha mgongo.

"Sioni tofauti," alisema.

"Sema kwa sauti, Mkurugenzi asikie."

"Vyote vinafanana. Sioni tofauti hata moja."

"Miaka tisa," Injinia alimwambia Mkurugenzi. "Miaka tisa tumemvalisha koti ili adondoshe maji kama bomba bovu. Ni cha saba, bibi. Hata ungefumba macho ukabahatisha, ungekuwa na nafasi kubwa kuliko hiyo."

Mkurugenzi alishusha pumzi. "Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana."

Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kiti. Halafu, badala ya kwenda mlangoni, akainama kwenye kapu la taka na kutoa nailoni moja, katika zile zilizobanduliwa asubuhi vipande vilipotoka mashineni. Akaitandaza mezani, upande wa nje juu.

"Siku hizi unapima na takataka?" Injinia aliuliza.

Mama aliisukuma trei taratibu mpaka chini ya pua ya Injinia, mahali ambapo mtu haonei taabu kuinama. Juu ya vipande kumi na viwili, matone kumi na mawili yalikuwa yamesimama duara, kama shanga.

Kisha akadondosha la kumi na tatu kwenye nailoni. Likalala chali, likaenea mpaka ukingoni. "Kilichoogeshwa ni ganda, mwanangu."

Mkurugenzi aliitazama ile nailoni, akainua macho kwenye picha ya ukutani. Mkono wa Injinia ulikuwa umeshafika kiunoni, pale panapouma.