Mlango Unaomjua Gumato

Usijifanye hukuona. Uliiona minara ya umeme wa upepo iliyostaafishwa ikikatwa vipande na kufanywa nyumba, uliona pia waume tu wakiandikishwa kuwa wenye nyumba, ukageuza uso. Mlango hufunguliwa na dole gumba la aliyeandikishwa, basi. Waume wakienda malishoni, wake zao hupika nje kwenye jua la utosi.

Gumato alikwenda kupokea kipande chao cha mnara. Kila nyumba aliyowahi kulala ndani yake aliijenga mwenyewe, na wakihama aliifumua na kuipakia juu ya ngamia kwa mikono yake.

"Mzee, weka dole hapa," karani akamwambia mumewe, Elema.

Elema akaficha mkono ndani ya shuka. "Nyumba ni ya huyu mama. Akikasirika, mimi hulala na ngamia. Leo unataka nimfungie yeye nje?"

Foleni ikaangua kicheko.

"Sheria inasema mume, mzee."

"Basi chukueni chuma chenu mkakirudishe juu mlikokitoa."

Karani akafuta jasho, kisha akamsogezea Gumato kifaa cha kuandikishia dole. Alipoweka dole lake kwenye mlango wa kipande chao, ukafunguka. Gumato akaingia, akaketi sakafuni.

Kupitia ukuta wa chuma alisikia mtu akigonga. Alikuwa jirani yake, mjane, akiugonga mlango wake mwenyewe, ambao bado ulingoja dole la marehemu mumewe.

Ofisi ya kuandikisha hufungwa saa kumi. Inuka sasa hivi, mshike mjane mmoja mkono, mpeleke dirishani kwa karani, na msiondoke mpaka aandikwe.