Diski Iliyokuwa Ikikoroma

Mzee aliirudisha kompyuta ya mkononi ikiwa nzima, akalalamika kwamba haipigi kelele.

Fundi, ambaye katika miaka kumi na minne ya kazi alikwisha kusikia malalamiko ya kila namna isipokuwa hilo, aliifunua na kuiwasha. Baada ya sekunde tisa skrini ikadai neno la siri.

"Mzee wangu, diski yako ya zamani ilichukua dakika nne kufika hapa, tena ikikoroma. Hii mpya haina kinachozunguka ndani. Umepewa gari, unalilia punda?"

"Nirudishie ile ya zamani."

"Binti yako aliyeileta alisema kelele zinamsumbua mama yake kitandani."

"Alikuja kututembelea siku mbili. Alitaka kusaidia."

"Mwenye kompyuta ni nani?"

"Mwanangu wa kiume."

"Amelalamika?"

"Hajalalamika."

"Basi tatizo liko wapi?" Fundi akachukua drili. Kila Jumamosi mchana alizitoboa diski alizozitoa kwenye mashine za watu, siri zao zisije zikazagaa mitaani. Boksi lilikuwa miguuni pake, na tatu zilikwisha kutobolewa.

Mzee akamshika mkono. Si kwa nguvu, hakuwa nazo.

"Mke wangu aligombana na kijana, kesho yake akapelekwa hospitali. Alilazwa wiki tano, na kijana hakufika hata mara moja. Sasa amerudi nyumbani, lakini hatembei. Kitanda chake kimeegemea ukuta wa chumba cha kijana. Akiisikia mashine hiyo ikikoroma, anatulia, anakula. Tangu jana hajatia kitu mdomoni."

"Na kijana hawezi kupiga hatua tatu akamwamkie mama yake? Ana roho ngumu huyo. Mwambie nimesema mimi."

Mzee akaliinamia boksi.

Diski zilizobaki boksini zilifanana. Fundi, ambaye hakuwa mtu wa kubembelezwa, aliweka drili chini kwa sababu ambayo hakujisumbua kuitafuta, akaanza kuziunganisha na umeme moja baada ya nyingine. Mzee aliinamisha sikio. Ya kwanza ilivuma. "Siyo." Ya pili haikutoa sauti yoyote. "Siyo." Ya tatu ilikwaruza, ikakohoa mara mbili, ikaanza kukoroma, na mzee akafumba macho.

"Hii itakufa wakati wowote," fundi alionya, akikaza skrubu ya mwisho.

"Najua."

Nyumbani alipitia kwanza kwa mkewe. Sahani ilikuwa kando ya kitanda, chakula kimegandamana kama kilivyoachwa.

"Baba watoto, kijana wako kimya tangu jana," mkewe alisema, macho darini. "Amehama?"

"Kompyuta ilikuwa kwa fundi."

"Kumbe. Nami nilidhani amenichoka."

Mzee akaingia chumba cha pili, akafunga mlango na kuketi mezani. Akaiwasha. Diski ikakwaruza, ikakohoa, ikakoroma. Alipoanza kubonyeza vitufe, upande wa pili wa ukuta kijiko kiligonga sahani mara moja, mara mbili, kisha kikatulia.

"Mwanangu," ikaita sauti ambayo haikuwa imetamka neno hilo tangu siku ya ugomvi, "yaishe. Nilikosa mimi. Njoo unisalimie."

Peke yake mbele ya skrini iliyokuwa ikidai neno la siri la marehemu, mzee aliendelea kubonyeza vitufe.