Tochi ya Bunduki

Mezani palikuwa na tochi mbili. Ile kubwa ilimulika hadi mwisho wa ghala, lakini Mwinchande alipoifunga chini ya mtutu, bunduki iliinamisha kichwa kama mgonjwa. Mlinzi huyo wa ghala la pamba akachagua ile ndogo, yenye kishikizo cha skrubu, ya kufunga na kufungua kwa vidole.

Akaikaza. Akafunga madirisha, giza likaingia mchana kweupe. Bunduki aliiacha na risasi zake, apime uzito wake wa kazini.

"Hodi!"

Sauti ilitokea mlango wa nyuma, kule kwenye marobota. Maisha yake yote alikuwa akijibu hodi kwa kusema "karibu". Leo aligeuka na bunduki, akawasha.

Mkewe, Siwatu, alikuwa amesimama na sahani ya wali, macho ameyafumba. Duara jeupe la mwanga lilikuwa limetua kifuani, juu ya ua jekundu la kanga yake.

"Baba Mwatime, zima bwana, unaniumiza macho!" Siwatu akacheka. "Ila tochi yako kali."

Mwinchande alilitazama lile duara. Tochi hii isingeweza kummulika mtu bila kumlenga. Na kidole chake kilikuwa kwenye kifyatulio.

Akakiondoa. Akalegeza skrubu, tochi ikabaki kiganjani. Bunduki akailaza sakafuni taratibu, kama mtoto aliyesinzia.

"Karibu," akasema.

Mwanga ulikuwa ukitetemeka miguuni pa Siwatu, naye bado anacheka.