Kifo Changu cha Jikoni

Kina mama wenzangu, igeuzieni runinga ukutani mapema. Runinga za siku hizi zinachukua sura za watu wa nyumba na kuwafanya waigizaji wa kila filamu. Hata mimi mwanzoni nilifurahi. Nilijiona bibi harusi, nikacheka hadi machozi.

Sasa wanangu wanapenda zile filamu za muuaji mwenye panga, na anayeuawa ni mimi. Zikiisha hukaa mkekani wakabishana.

"Kifo cha mama cha bafuni ndicho kikali," Kombo husema.

"Wewe hujui filamu," dada yake Tunu humjibu. "Pale mama alipiga kelele kabla panga halijafika. Cha ghalani ndicho. Alikufa kimya, macho wazi."

"Cha ghalani kibovu, damu kama juisi ya rozela."

Nikiwaambia waache uchuro, wanacheka. "Yule si wewe, mama. Wewe si uko hapa?"

Jumamosi nilikuwa nakaanga maandazi, nikateleza kwenye mafuta, kichwa kikagonga kona ya meza. Damu ikanishuka machoni, nikashindwa kuinuka. Niliwaita kwa majina. Walikuja wote wawili, wakasimama mlangoni.

Tunu alinitazama kwa makini. "Hiki kibovu," alisema. "Anaongea sana."

Maandazi yakaanza kuungua. Kombo akazima jiko, maana moshi ulimkera, kisha wakakaa kizingitini kungoja niamke, kama ninavyoamka kila filamu ikiisha.